Shughuli za Darasani katika Ufundishaji wa Kiingereza kwa Watoto wa Handeni na Korogwe

1.0 Utangulizi
Mtoto wa Handeni au Korogwe, mkoani Tanga, huanza Kiingereza akiwa anamudu Kiswahili na, mara nyingi, Kizigua, Kishambaa au Kibondei. Mwaka 2015 somo hilo lilisogezwa hadi darasa la tatu. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umelirejesha darasa la kwanza. Kwa kuwa masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, mwenye msingi dhaifu hukwama karibu katika kila somo.

Makala haya yanadai kwamba shughuli ya darasani hufaa pale inapomlazimu mtoto kuchagua baina ya maumbo ambayo lugha zake hazitofautishi. Kuitikia kwa pamoja hakumlazimu kuchagua, kwani sauti za wengi humfunika asiyeelewa.

2.0 Tofauti za Kimfumo
Lugha nne zilizotajwa zina irabu tano kila moja, na hupendelea silabi zinazoishia kwa irabu. Kiingereza kina irabu nyingi zaidi, na huruhusu konsonanti kufuatana mwishoni mwa neno. Aidha, nafsi ya tatu umoja katika lugha hizo za Kibantu haibainishi jinsia: "anacheza" hutosha kwa mvulana na kwa msichana.

3.0 Shughuli Zinazopendekezwa

3.1 Kusikia na kuonyesha
Mwalimu huchora meli na kondoo ubaoni, kisha hutamka "ship" au "sheep". Mtoto mmoja mmoja huonyesha picha inayohusika. Ufahamu hupimwa kabla ya matamshi, kama alivyosisitiza James Asher wa Marekani kwamba mjifunzaji asikilize na kutenda kabla ya kusema.

3.2 Makofi ya silabi
"Deski" hupigiwa makofi mawili, "desk" kofi moja. Mtoto anayeongeza irabu mwishoni hujigundua mwenyewe.

3.3 Kitendawili cha mwenzao
Watoto wameshazoea nyumbani kutegeana vitendawili. Mtegaji humfumba mwenzao mmoja: "She is near the door." Akisema "he" badala ya "she", wenzake humtafuta mvulana. Kosa la sarufi huwa kosa la maana, nalo husahihishwa papo hapo.

4.0 Hitimisho
Shughuli hizi huhitaji chaki na sauti tu, hivyo zaweza kufanyika kwa vikundi hata katika darasa kubwa. Hata hivyo, hazitoshi kujenga msamiati, na maelekezo yake yafaa kutolewa kwa Kiswahili. Vyuo vya ualimu, kikiwamo cha Korogwe, vingefaa kuwazoeza walimu kujiuliza, kabla ya kila zoezi, mtoto analazimika kuchagua nini.