Duka la Masasi: kodi itozwe kwenye mauzo au kwenye faida?

Msimu wa korosho unapofika na fedha za minada kuwafikia wakulima kupitia vyama vyao vya msingi, maduka ya Masasi na Newala huuza kuliko miezi mingine yote. Ndipo mwenye duka anapoanza kuulizia kodi, na kosa lake la kwanza ni kudhani kuwa mauzo na pato ni kitu kimoja.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inampa mfanyabiashara mdogo njia mbili. Ya kwanza ni makadirio, ambapo kodi hutozwa kwenye mauzo moja kwa moja. Kwa mwaka 2023, chini ya viwango vya Sheria ya Fedha ya 2022, mwenye mauzo ya zaidi ya sh. milioni 11 hadi milioni 100 alitozwa asilimia 3.5 ya mauzo yote, awe amepata faida au hasara. Njia ya pili ni kuchagua kutoka kwenye makadirio, kutunza hesabu kamili na kutozwa kwenye faida. Hii wengi hawaijui.

Chukua mfano wa duka la vyakula mjini Masasi lililouza sh. milioni 60 mwaka huo. Kwa makadirio kodi ni sh. 2,100,000. Hakuna cha kukata.

Sasa hesabu ya faida. Januari Mosi dukani mlikuwa na bidhaa za sh. milioni 6, zikanunuliwa nyingine za milioni 46, na Desemba 31 zikabaki za milioni 8. Zilizouzwa ziligharimu milioni 44, hivyo faida ghafi ni milioni 16. Hapo hukatwa gharama zilizotumika kwa ajili ya biashara tu: pango 1,200,000, mshahara wa msaidizi 1,800,000, kusafirisha mzigo kutoka Mtwara 1,400,000, leseni, umeme na mengineyo 1,100,000. Pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, iliyonunuliwa kwa milioni 4, haikatwi yote mara moja. Hukatwa uchakavu wa asilimia 37.5, yaani 1,500,000, na mwaka unaofuata asilimia hiyo hupigwa kwenye salio. Makato yote ni milioni 7. Pato linalotozwa kodi ni milioni 9.

Kwa viwango vya mtu binafsi vilivyoanza Julai 2021, sh. 3,240,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8, sawa na 240,000. Zilizobaki, 2,760,000, hutozwa asilimia 20, sawa na 552,000. Jumla ni sh. 792,000, pungufu ya makadirio kwa sh. 1,308,000. Hiyo inatosha kulipa pango la mwaka mzima na chenji ikabaki.

Ugomvi na ofisa wa kodi huanzia kwenye matumizi ya nyumbani. Newala, ambako maji husukumwa kwa pampu kutoka bondeni, mwenye mgahawa anaponunua pipa la maji ya kupikia hiyo ni gharama ya biashara; pipa la nyumbani kwake si gharama. Ada ya shule, mchango wa harusi, faini na kodi ya mapato yenyewe havikatwi. Sukari iliyotoka kwenye rafu kwenda jikoni kwake pia haihesabiwi kuwa gharama.

Njia hii haimfai kila mtu. Kwa mauzo yale yale ya milioni 60, faida ikizidi sh. 13,880,000 makadirio ndiyo nafuu. Na asiye na risiti asijaribu kabisa, kwani makato yasiyo na ushahidi yatakataliwa na faida kwenye karatasi itapanda.

Lipo pia suala la madeni, maana maduka mengi huwakopesha wakulima salfa na chakula hadi mnada. Mtu binafsi anaruhusiwa kuweka hesabu zake kwa msingi wa fedha taslimu. Akifanya hivyo, deni la mkulima halihesabiwi hadi lilipwe. Lakini naye hakati mzigo aliochukua kwa mali kauli hadi aulipie.