Dondoo muhimu: Manufaa ya kimakanika bila kubabaika

Gawanya mzigo kwa jitihada, basi. Jiwe la niutoni 600 likiinuliwa kwa nguvu ya niutoni 150, manufaa ya kimakanika (MK) ni 4. Usiandike kizio, niutoni zimefutana.

Kwenye wenzo, umbali wote hupimwa kuanzia egemeo, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Chukua toroli. Egemeo lake ni ekseli ya gurudumu. Mzigo uko sentimita 40 kutoka kwenye ekseli, mikono iko sentimita 120. Umbali wa jitihada ni 120, si 80 zilizobaki kati ya mzigo na mikono! Hapa MK ni umbali wa jitihada kugawanywa kwa umbali wa mzigo: 120 ÷ 40, yaani 3. Sogeza mzigo sentimita 10 kuelekea gurudumu, MK inapanda hadi 4. Vibarua wa ujenzi hulijua hilo bila kushika kalamu.

Roda moja iliyofungwa juu ya kisima haipunguzi nguvu, inageuza tu mwelekeo wa kuvuta.

Roda zikiwa nyingi, hesabu sehemu za kamba zinazobeba roda ya chini. Jibu hilo ni uwiano wa mwendo (umbali inaosogea jitihada ÷ umbali unaosogea mzigo), si MK. Msuguano na uzito wa roda yenyewe huishusha MK. Uwiano ukiwa 4 na MK 3, ufanisi ni 3 ÷ 4 × 100, yaani asilimia 75.

Ukipata ufanisi unaozidi asilimia 100, rudia hesabu: umekosea mahali.