Dhana ya "Wastani" katika Lahajedwali: Suala la Istilahi katika Uchanganuzi wa Data za Biashara

1.0 Utangulizi

Lahajedwali ni programu ya kompyuta inayopanga data katika safu wima na safu mlalo na kuzikokotoa kwa fomula. Programu ya kwanza ya aina hii kuenea miongoni mwa wafanyabiashara ilikuwa VisiCalc, iliyobuniwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kuanza kuuzwa mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Sifa yake kuu ilikuwa kwamba namba moja ikibadilishwa, namba zote zinazoitegemea hubadilika papo hapo. Makala hii inajadili upande wa pili wa wepesi huo. Inadai kwamba lahajedwali haiulizi maana ya neno. Humwachia mchanganuzi jukumu hilo, na neno lenye maana mbili huweza kuzaa hesabu isiyo sahihi bila dalili yoyote ya kosa.

2.0 Thamani na fomula

Seli ya lahajedwali ina sura mbili. Sura inayoonekana ni thamani, yaani namba. Sura iliyofichika ni fomula iliyozaa namba hiyo. Kompyuta hukagua umbo la fomula tu. Fomula iliyoandikwa kwa utaratibu unaokubalika hutoa jibu, hata kama si jibu la swali lililokusudiwa.

3.0 Wastani upi?

Katika mazungumzo ya kawaida, "wastani" humaanisha hali ya kati na kati: si kubwa wala si ndogo. Maana hii humvuta mtumiaji kutafuta namba iliyo katikati. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyenunua doti 10 za khanga kwa sh. 15,000 kila moja, na baadaye doti 90 kwa sh. 10,000 kila moja. Wastani wa bei ya ununuzi unaweza kukokotolewa kwa njia mbili:

(1) a. (15,000 + 10,000) ÷ 2 = sh. 12,500
b. [(10 × 15,000) + (90 × 10,000)] ÷ 100 = sh. 10,500

Fomula zote mbili zinakubalika. Hata hivyo, akiuza kila doti kwa sh. 12,000, anayefuata (1a) ataamini kuwa anapata hasara ya sh. 500, ilhali kwa mujibu wa (1b) anapata faida ya sh. 1,500. Kasoro ya (1a) ni kuzipa bei mbili hadhi sawa pasipo kuzingatia idadi ya bidhaa. Inafaa basi kutofautisha "wastani sahili" (1a) na "wastani wenye uzito" (1b).

4.0 Ushahidi kutoka benki

Hatari hii haiishii katika maduka madogo. Mwaka 2012 benki ya Marekani ya JPMorgan Chase ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 kutokana na biashara iliyoendeshwa na ofisi yake ya London. Ripoti ya benki yenyewe ya Januari 2013 ilieleza kuwa, katika lahajedwali iliyotumika kupima hatari ya biashara hiyo, tofauti ya viwango viwili iligawanywa kwa jumla yao badala ya wastani wao. Kwa kuwa jumla ya namba mbili ni maradufu ya wastani wao, matokeo yalipungua kwa nusu, na hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Kosa hilo peke yake halikuleta hasara. Lilififisha ishara ya tahadhari.

5.0 Hitimisho

Mjadala huu unaonyesha kuwa uchanganuzi wa data huanza kabla ya kompyuta kuwashwa. Mchanganuzi hana budi kueleza kwa sentensi kamili kile anachokitafuta, kisha aandike fomula, na mwisho alinganishe fomula hiyo na sentensi yake. Kwa wanaofundisha somo hili kwa Kiswahili, istilahi bainifu ni sehemu ya hesabu yenyewe, si pambo lake.