Mwili Ndio Shahidi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapopanga Wanyama Katika Makundi

Mtoto anayekulia Wasso, wilayani Ngorongoro, huwaona kwa macho yake wanyama ambao wenzake wa mbali huwaona kwenye picha tu: nyumbu, pimbi, mbuni, kobe, fisi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Ngorongoro au Karatu hana udhuru wa kuandika kwenye mtihani kwamba popo ni ndege, wala mwongoza watalii hana udhuru wa kumwambia mgeni kwamba fisi ni aina ya mbwa. Makosa hayo yana chanzo kimoja: mtu anampanga mnyama kwa mahali anapoishi, chakula anachokula au sura yake ya mbali, na mwili wenyewe haukagui. Kanuni zifuatazo ni za mwanafunzi, mwalimu na mwongoza watalii. Zishikwe zote.

MAMBO YA KUFANYA

1. Anza na uti wa mgongo. Kabla ya rangi na ukubwa, uliza kama mnyama ana uti wa mgongo. Akiwa nao, mtafute katika makundi matano: samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Asipokuwa nao, usikimbilie kumwita mdudu. Konokono, nyungunyungu na tegu si wadudu, na kila mmoja ana kundi lake.

2. Tazama kilichofunika mwili. Samaki ana mapezi, hupumua kwa matamvua, na wengi wao wana magamba. Chura ana ngozi laini yenye unyevu, isiyo na magamba. Mjusi, nyoka na kobe wana ngozi kavu ya magamba, na gamba la kobe limeungana na mbavu na uti wake wa mgongo. Ndege ana manyoya. Mamalia ana nywele, na jike hunyonyesha. Mbuni haruki, lakini manyoya na mdomo usio na meno vinamweka kwa ndege. Popo huruka, lakini ana nywele, hunyonyesha, na bawa lake ni ngozi iliyotandazwa juu ya vidole virefu.

3. Hesabu vidole vya mguu. Nyumbu na pundamilia huhama pamoja na kulisha pamoja, lakini miguu yao inawatenganisha. Pundamilia hukanyaga kwa kidole kimoja, sawasawa na punda wa nyumbani. Nyumbu ana kwato iliyopasuka sehemu mbili, kama ng'ombe, mbuzi na twiga. Faru ana vidole vitatu kila mguu, idadi witiri kama kile kimoja cha pundamilia, kwa hiyo jamaa yake ni pundamilia. Kumweka pamoja na kiboko au tembo kwa sababu ya unene ni kosa.

4. Fungua kinywa, kisha fuata chakula hadi tumboni. Mtoto wa mfugaji anajua kwamba ng'ombe hana meno ya mbele kwenye taya la juu, ana ufizi mgumu. Nyumbu, swala na twiga wako hivyo hivyo. Punda na pundamilia wana meno ya mbele juu na chini. Tofauti hiyo inaendelea ndani: ng'ombe na nyumbu wana tumbo la vyumba vinne na hucheua, wakati pundamilia ana tumbo la chumba kimoja, na majani yake huchachushwa katika utumbo mpana. Ndiyo sababu pundamilia humudu majani marefu na makavu, na nyumbu hufuata majani mafupi na laini. Anayejua meno na tumbo anaelewa kwa nini makundi hayo mawili yanaweza kuishi kwenye uwanda mmoja.

5. Hesabu miguu ya wasio na uti wa mgongo. Mdudu ana miguu sita, mwili wa sehemu tatu, na vipapasio kichwani. Buibui, nge na kupe wana miguu minane na hawana vipapasio. Hapa uwe makini: kupe anapotoka kwenye yai ana miguu sita, na hupata minane baada ya kunyonya damu na kujivua ngozi. Kwa hiyo hesabu miguu, kisha hakiki vipapasio. Kupe anaeneza ndigana kali inayoua ng'ombe, na mfugaji anastahili kumjua adui huyu kwa usahihi. Jongoo ana jozi mbili za miguu karibu kila pingili; tandu ana jozi moja.

6. Jifunze kwenye mifupa. Tarehe 17 Julai 1959, mtafiti Mary Leakey aligundua pale Olduvai fuvu la jamaa wa kale wa binadamu, lililopewa jina la Zinjanthropus. Halikuwa na ngozi wala nywele. Magego yake makubwa yenye enameli nene yalisaidia kumtenganisha mwenye fuvu hilo na jamaa zake. Huko Laetoli, nyayo za miaka milioni 3.6 zilizofukuliwa kuanzia mwaka 1978 zinaonyesha kidole gumba kilicholala sambamba na vidole vingine, yaani mguu wa kutembea wima. Sayansi hiyo imefanyika ndani ya wilaya hii hii ya Ngorongoro.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usipange kwa makazi. Kiboko na mamba hushiriki maji, lakini mmoja ni mamalia na mwingine ni reptilia.

2. Usipange kwa chakula. Muhanga na kakakuona wote hula mchwa. Kakakuona hana jino hata moja, na magamba yake yametengenezwa kwa kitu kile kile cha kucha. Muhanga ana magego yasiyo na enameli. Muhanga yuko upande wa tembo. Kakakuona yuko karibu zaidi na wanyama walao nyama kama simba.

3. Usidanganywe na sura. Fisi anafanana na mbwa, lakini muundo wa fuvu lake, hasa eneo la sikio, unamweka upande wa paka. Nungunungu na kalunguyeye wote wana miiba, lakini nungunungu ana meno ya mbele yasiyokoma kukua, kama panya. Kalunguyeye ni jamaa wa kirukanjia. Pimbi ana umbo la sungura, lakini meno yake ya mbele ya juu yanachomoza kama pembe ndogo, na pembe za tembo nazo ni meno ya mbele ya juu. Pimbi na tembo ni ukoo mmoja.

4. Usiziite pembe zote kitu kimoja. Pembe ya ng'ombe na ya swala ina mfupa ndani. Ya faru haina mfupa. Za twiga ni mfupa uliofunikwa na ngozi.

5. Usipange kwa hofu. Kinyonga hana sumu. Ni mjusi, na anayempiga mawe anaua mnyama asiye na hatia.

6. Usikamate, usiue, usiokote mafuvu porini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara za serikali bila kibali, na kusema "ni ya somo" hakumwokoi mtu. Mwalimu aende machinjioni aombe kichwa, kwato na tumbo la ng'ombe na mbuzi.

7. Usipasue mzoga uliokutwa umelala. Kimeta kipo Ngorongoro, na kinaua mifugo, wanyamapori na watu. Mnyama aliyekufa ghafla, anayetoka damu isiyoganda puani au mdomoni, asiguswe na wala asiliwe. Mwite ofisa mifugo.

8. Usitaje kundi bila kutaja sifa. Anayeandika "popo ni mamalia" akaishia hapo amekariri, na swali likigeuzwa kidogo ataanguka. Anayeongeza "kwa sababu ana nywele na hunyonyesha" ameelewa, na kesho akikutana na mnyama asiyewahi kufundishwa ataweza kumpanga mwenyewe. Walimu, kateni alama kwa jibu lisilo na "kwa sababu". Wanafunzi, msimwone mwalimu anayefanya hivyo kuwa mkali, anawafundisha kufikiri.