Dawa ya Kumbukumbu: Tununue Mkebe au Tujaze Sufuria?



Somo letu la safari hii lilianzia chini ya mwembe. Tulikuwa tumekitembelea kikundi kimoja cha akina mama kuwaona mbuzi wao wa maziwa, tukakuta mkutano umepamba moto. Wiki hiyo alikuwa amepita mtu mmoja mwenye mkoba na kipaza sauti, akiuza mikebe ya vidonge. Ati vidonge hivyo vinafungua akili: mtoto akivimeza atapita mtihani, mzee akivimeza ataacha kusahau. Mkebe mmoja, shilingi 2,800.

Wanachama walikuwa kumi na wawili, na ndani ya sanduku mlikuwa na pesa za mabati ya kibanda cha mbuzi. Mama mmoja akasimama, akasema, "Mabati yanaweza kungoja. Mtihani haungoji." Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Mimi shida yangu si mtihani. Ni mama mkwe wangu. Juzi alienda kuteka maji akapotea, na njia hiyo ameipita miaka hamsini. Sasa majirani wameanza kunong'ona."

Hapo wote tulinyamaza. Mnajua vile minong'ono ya aina hiyo inaweza kuishia. Huko Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mzee anayesahau, anayezunguka usiku au kuongea peke yake, ni rahisi kusingiziwa hivyo.

Walituuliza: tununue, tusinunue? Hatukuwajibu siku hiyo. Tuliwaomba watupe wiki mbili, tukaenda kuwauliza wauguzi na kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata. Yasomeni pamoja kikundini, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

1. NYONGEZA HUSAIDIA PENYE UPUNGUFU

Sisi ni wakulima, basi tuanze na shamba. Ukitia mbolea kwenye shamba lililochoka, mahindi hubadilika rangi ukiyaona. Ukimwaga mbolea ileile kwenye shamba lililoshiba, umetupa pesa, na pengine umeunguza mimea.

Ubongo nao ni vivyo hivyo. Kuna virutubisho ambavyo vikikosekana akili hudhurika, na vikirudishwa mapema mtu hupata nafuu. Lakini kwa mtu asiye na upungufu, kuongeza vidonge juu ya vidonge hakumpi akili ya ziada. Kwa hiyo swali la kwanza si "dawa gani ni nzuri?" Swali ni "huyu mtu amekosa nini?"

2. VITU VINNE AMBAVYO TUSIKUBALI VIKOSEKANE

(a) Iodini. Mwili huitumia kutengeneza homoni za tezi ya shingo, na homoni hizo husaidia kuujenga ubongo wa mtoto akiwa bado tumboni. Ikikosekana sana, mtoto huzaliwa akili yake imedumaa, na baadaye hakuna kidonge cha kuirudisha. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mama mjamzito 250. Ni kidogo mno, lakini ni lazima kila siku.

Iodini hii iko katika chumvi ya pakiti iliyotiwa madini hayo. Someni maandishi ya pakiti kabla ya kulipa. Chumvi ya ng'ombe na magadi si badala yake. Nyumbani, wekeni chumvi katika chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke na jua, na itieni chakula kikikaribia kuiva, kwa sababu iodini hupotea. Wala hatusemi mle chumvi nyingi, maana chumvi nyingi huleta presha. Ile ya kawaida, iliyo na iodini, inatosha.

(b) Chuma. Damu hupeleka hewa safi ubongoni, na chuma ndicho kinachoishika hewa hiyo ndani ya damu. Mtoto aliyepungukiwa damu huchoka, husinzia darasani, na somo halimwingii. Watu husema ni mvivu, kumbe ni damu. Upungufu huo huletwa na chakula duni, minyoo na malaria.

Chuma kiko katika maini, nyama, omena, maharagwe, ndengu, kunde, terere na managu. Kamulieni ndimu juu ya mboga, au mle na chungwa, mwili upate kukichukua vizuri. Na hapa tuseme ukweli ambao wengi hawatapenda: chai pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie mwilini. Kunyweni chai yenu, lakini ngojeni kama saa moja baada ya kula.

(c) Asidi ya foliki. Hii hukinga mtoto asizaliwe na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo ulio wazi. Sehemu hiyo ya mwili wa mtoto hujifunga katika siku 28 za kwanza za mimba, wakati ambapo akina mama wengi bado hawajui kwamba wana mimba. Kwa hiyo anayepanga kuzaa amwone muuguzi mapema na aanze kumeza kabla. Shirika la Afya Duniani hushauri mjamzito ameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Ulizeni tembe hizo katika kliniki ya wajawazito. Zikifanya choo kiwe cheusi au tumbo kuchafuka kidogo, msizitupe, mwambieni muuguzi. Lakini zifungieni mbali na watoto. Mtoto akimeza tembe nyingi za chuma anaweza kufa.

(d) Vitamini B12. Hii haimo katika mimea. Hutoka kwa nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Ikipungua, mtu huweza kusahau, miguu ikafa ganzi au kuchomachoma, na kutembea kukawa kwa kuyumba. Wazee hupungukiwa zaidi kwa kuwa tumbo la uzeeni halinyonyi vitamini hii vizuri. Pia mwenye ugonjwa wa sukari aliyemeza metformin kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa. Asiache dawa yake, ila amwulize daktari kuhusu kipimo cha damu. Ikionekana ni upungufu, kuna sindano na vidonge vya kuutibu, na kadiri unavyotibiwa mapema ndivyo bora.

Mtaona kwamba vitu hivi vinne havina mkebe wa kung'aa. Vingine vimo hata ndani ya unga. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaotoka viwandani utiwe chuma, asidi ya foliki na vitamini nyingine. Lakini mahindi tunayopeleka wenyewe kwa mashine ya kusaga kwa kawaida hayatiwi kitu. Hatusemi muache kusaga mahindi yenu. Tunasema ugali huo uandamane na mboga za majani, kunde au omena.

3. NA ULE MKEBE JE?

Vidonge vingi vinavyouzwa kwa jina la kumbukumbu huwa na majani ya mti wa ginkgo wa huko China, mafuta ya samaki, au mchanganyiko wa vitamini. Vimepimwa, na kwa watu wengi.

Marekani, wazee zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa ginkgo mara mbili kwa siku. Kundi la pili lilipewa vidonge vya kufanana visivyo na dawa, na hakuna mzee aliyejua amepewa vipi. Wakafuatiliwa kwa miaka kama sita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: ginkgo haikuzuia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2015 yakatangazwa ya mafuta ya samaki, baada ya kuwafuatilia wazee kama 3,500 waliokuwa na ugonjwa wa macho. Hapo pia vidonge havikuzuia akili kufifia. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba vitamini B, vitamini E, mafuta ya aina hiyo na michanganyiko yake visipendekezwe kwa ajili ya kuzuia ugonjwa huu.

Tuwe waadilifu. Utafiti mwingine wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2023, uliona wazee waliomeza vitamini mchanganyiko kila siku wakifanya vizuri kidogo katika majaribio ya kumbukumbu. Ni kidogo, na haukuonyesha kwamba vidonge huponya mtu aliyekwisha kuugua. Uchunguzi unaendelea.

Kuna na hatari. Ginkgo inaweza kuzidisha kutokwa na damu kwa mtu anayemeza aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Vitamini A ikizidi humdhuru mtoto aliye tumboni. "Ya miti shamba" au "ya asili" haimaanishi haina madhara.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akija tena mwenye kipaza sauti, mwulizeni haya:

- Ndani yake mna nini, na kiasi gani?
- Imeandikishwa na Bodi ya Famasia na Sumu?
- Ni nani aliyepima akaona inafanya kazi, na alipima watu wangapi?
- Ninameza dawa ya presha au ya sukari. Je, zitagombana?
- Nisipopona utarudisha pesa yangu, na nitakupata wapi?

Akikasirika kwa maswali, mmekwisha kupata jibu.

4. MZEE WETU AKIANZA KUSAHAU

Kusahau mahali ulipoweka kisu ni jambo la kila mtu. Lakini mzee akipotea njia anayoijua, akiuliza neno lilelile mara kwa mara, au akishindwa na kazi aliyoifanya maisha yake yote, apelekwe apimwe. Asiitwe mchawi wala asifungiwe nyumbani. Sababu nyingine hutibika: upungufu wa B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, huzuni nzito, pombe, au dawa zisizopatana. Akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, huenda ni malaria, ugonjwa wa mkojo, sukari au kiharusi. Huyo apelekwe siku hiyohiyo, msingoje mkutano.

Kuna na ugonjwa wenyewe wa ubongo, unaoitwa dimenshia, ambao bado hauna dawa ya kuuponya. Hata hivyo mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilieleza kwamba karibu nusu ya visa vyake duniani vingezuiwa au kucheleweshwa kama tungeshughulikia mambo 14. Mengi tunayaweza: kutibu presha na sukari, kuacha sigara, kupunguza pombe, kuutumikisha mwili, kuwapa watoto elimu, kumsaidia asiyesikia au asiyeona vizuri, na kutomwacha mzee akae peke yake. Huyo mzee anayekuja kikundini kusuka kikapu na kupiga hadithi anapata kitu ambacho hakiuzwi.

5. KIKUNDI KILIAMUAJE?

Tuliporudi chini ya mwembe tulikuja na muuguzi wa zahanati. Tulizungumza mpaka jua likageuka. Ikajulikana kwamba wale watoto wa mtihani walikuwa wakiondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi na chai ya rangi peke yake, tena baada ya kulala usiku wa manane. Akina mama wakapanga zamu ya kupika uji wa wimbi wenye maziwa ya mbuzi wao, na watoto wakaambiwa walale mapema. Mabati yalinunuliwa.

Yule nyanya alipelekwa hospitali. Presha yake ilikuwa juu sana na hakuna aliyejua. Sasa anameza dawa. Hatutawadanganya: kusahau kwake hakujaisha, na pengine hakutaisha. Lakini mjukuu humsindikiza mtoni, na mkwe wake aliwaeleza majirani waziwazi kile daktari alichosema. Minong'ono imepungua. Siku ya mkutano huletewa kiti, na akisahau jina la mtu, humkumbusha bila kumcheka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, watu husema nini juu ya mzee anayesahau? Sisi wenyewe tumesema nini?
2. Shilingi 2,800 zingenunua mayai mangapi, omena kiasi gani na ndimu ngapi katika soko letu? Andikeni ubaoni.
3. Nani kati yetu amewahi kununua dawa kutoka kwa mpita njia? Ilimsaidia? Asimulie bila kuchekwa.
4. Ni wazee gani wa karibu ambao hawajapimwa presha na sukari mwaka huu?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja aje na karatasi ya pakiti ya chumvi anayotumia nyumbani, tuisome pamoja. Na wawili wachaguliwe kumwendea muuguzi kumwomba siku ya kuja kuwapima wazee wetu presha. Tuandikieni mtuambie mlifika wapi.