Vimelea vya Malale: Kufundisha Tofauti Zisizoonekana kwa Macho

Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huko Madale huwakuta watoto wanaowafahamu vema ng'ombe na mbuzi wafugwao majumbani, lakini huenda hawajapata kumwona mbung'o. Baada ya masomo, mwanachuo huyo huyo aweza kupangiwa shule ya Urambo au ya kandokando ya Serengeti, ambako mbung'o ni jirani. Haitoshi basi awafundishe watoto kwamba "mbung'o huleta malale". Sentensi hiyo ni kweli, lakini huficha swali kubwa: kwa nini kimelea kimoja humdhuru ng'ombe na kumwacha mtu, na kingine kinachofanana nacho humwua mtu?

Maarifa ya mwalimu

Kimelea cha malale huitwa tripanosoma. Jamii iitwayo Trypanosoma brucei ina matawi matatu. La kwanza, brucei, huleta nagana kwa mifugo. Halimwambukizi mtu kwa kawaida, kwa sababu damu ya binadamu ina protini inayoliangamiza. La pili, rhodesiense, hupatikana Afrika ya Mashariki na Kusini. Huwaingia watu, mifugo na wanyama wa porini, na ugonjwa wake huenda kasi, kwa majuma au miezi michache. La tatu, gambiense, hupatikana Afrika ya Magharibi na ya Kati, na ugonjwa wake hujificha kwa miezi, hata miaka. Yote mawili yanayowapata watu yamo nchini Uganda.

Chini ya hadubini matawi haya hayatofautiki. Tofauti imo katika jeni, yaani maagizo ya urithi. Rhodesiense ina jeni iitwayo SRA, ambayo huizuia ile protini ya damu yetu isifanye kazi yake. Tena, mwaka 1986 watafiti walionyesha kwamba tripanosoma huweza kuchanganya jeni zao ndani ya mbung'o. Hivyo uwezo wa kumwambukiza mtu waweza kuhamia katika ukoo mwingine wa vimelea.

Faida ya maarifa haya ilionekana Soroti, Uganda, ambako malale ilizuka mwaka 1998. Uchunguzi ulihusisha mlipuko huo na ng'ombe walioletwa mnadani kutoka maeneo yenye ugonjwa. Kwa kuitafuta jeni ya SRA, wataalamu waliweza kutambua ng'ombe waliobeba kimelea cha binadamu. Kumtibu ng'ombe, basi, ni kumkinga mtu.

Zana na hatua za somo

Kata kadi 20 zenye ukubwa mmoja kutoka karatasi kuukuu, uzikunje mara mbili. Ndani ya kadi 5 andika alama X.

1. Anza na yale wanayoyajua: waulize wanafunzi magonjwa ya mifugo ya nyumbani kwao.
2. Wagawie kadi, uwaagize wazipange kwa sura ya nje. Watashindwa, hiyo ndiyo hadubini.
3. Wazifungue. Eleza kwamba X ni jeni. Mwanafunzi mmoja awe "damu ya mtu", azikatae kadi zisizo na X. Mwingine awe "ng'ombe", azipokee zote.
4. Waulize: Je, ng'ombe anayeonekana mzima aweza kubeba X? Wajadiliane kabla hujawajibu.

Tahadhari

Mchezo huu usiwafanye watoto wawachukie ng'ombe. Waeleze kuwa malale hutibika, ila isipotibiwa huua. Wewe nawe kumbuka kwamba homa, maumivu ya kichwa na usingizi wa mchana ni miongoni mwa dalili zake. Katika maeneo ya mbung'o, mtoto asinziaye darasani asiadhibiwe kwa uvivu. Mzazi wake ashauriwe kumpeleka kituo cha afya upesi.

Maswali ya tathmini

(a) Kwa nini brucei haimwambukizi mtu?
(b) Hadubini pekee yashindwa kutueleza nini?
(c) Taja njia mbili za kumkinga mtu kwa kumtunza ng'ombe.