Homa Ikishuka, Usishangilie
Misafara ya Bagamoyo ilifika Tabora baada ya miezi. Mimi, likizo ya 2019, nilitoka Dar kwa basi, siku moja tu; homa ikazukia nyumbani. Wote wakasema malaria. Kumbe dengue!

Virusi vyake vina aina 4. Ukiwahi kuugua aina moja, kingamwili zako zinaweza kuisaidia aina nyingine kuingia kwenye seli. Hapo kinga inachachamaa, inamwaga kemikali zinazovujisha mishipa midogo. Chembe sahani, zinazogandisha damu, nazo zinapungua. Fizi zinatoka damu, mara nyingi homa ikishashuka.

Wenzangu, aspirini na diklofenaki acheni, tumieni parasetamoli. Mkiona damu, au tumbo likiuma sana, wahini hospitali.